Jozi Iliyoachwa Pembeni

Sikulazimishi kuamini. Mimi mwenyewe, ningesimuliwa haya na mtu nisiyemjua, ningemwambia akalale kwanza tuzungumze kesho. Lakini Reino Salmela ni jirani yangu hapa Duluth, mji wa kando ya ziwa kaskazini mwa Marekani, mlango wa tatu kutoka wangu, na Marlys binti yake tunapishana kwenye korido kila wiki. Nilichokiona kwa macho yangu ni kidogo. Mengine niliyapata kwao, na kwa Orrin Tofte mwenye duka, na sioni hata mmoja wao alikuwa na haja gani ya kutunga.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa tatu, asubuhi. Ziwa lilikuwa bado lina barafu na ukungu umelala mpaka barabara ya juu. Reino aliamka, akanywa kahawa kikombe cha kwanza na cha pili, akala kipande cha mkate wa iliki, akavaa buti zake. Alikuwa na miaka sabini na nane, mwanamume mrefu mkimya, aliyefanya kazi maisha yake yote kwenye gati la kupakia madini ya chuma. Mwezi mmoja kabla, Marlys alikuwa amemhamisha kutoka nyumba yake kubwa ya kilimani akamleta kwenye jengo letu la wazee: vyumba viwili, na jiko la kugeukia kwa adabu. Spika zake za zamani, zile za kusimama sakafuni, hazikupita mlangoni. Zikabaki kwa walioinunua nyumba. Sasa alikuwa anakwenda kwa Tofte kujaribu spika ndogo, za kuweka rafuni.

Watu wa namna ya Reino hawanunui spika kama wewe unavyonunua birika. Wanakwenda dukani na muziki wao wenyewe mkononi, ule wanaoujua mpaka mahali mpigaji alipokohoa. Wanakaa kwenye kiti kimoja katikati ya chumba, wanafumba macho, na wanasikiliza kitu kilekile kwenye spika hizi, halafu zile, halafu zile nyingine, mpaka mwenye duka atamani kufunga. Wengine huja na bendi, wengine huja na kwaya. Reino alikuja na Ardis.

Ardis alikuwa mkewe. Alifariki miaka sita iliyopita. Mwaka wa sabini na tisa, Ardis akiwa jikoni anakanda unga, Reino alitega mashine yake ya kanda za magurudumu akamrekodi akiimba wimbo wa kubembeleza watoto aliourithi kwa bibi yake. Dakika nne. Mwishoni Ardis anashtuka, anacheka, anasema, "Reino, zima hicho kidude, kahawa inapoa." Basi. Hakuna sauti nyingine ya Ardis iliyobaki duniani. Picha zipo, barua zipo, gauni la harusi lipo. Sauti ni hiyo kanda moja.

Marlys alikuwa amemsihi miaka na miaka. "Baba, nipe siku moja tu niinakili. Ikikatika je? Ikiungua je?"

"Nakala inapunguza," Reino alikuwa anajibu.

"Inapunguza nini, baba?"

"Inapunguza."

Ndiyo mwisho wa mazungumzo. Wapenzi wa sauti wana ugonjwa huo, na usiwacheke mbele yao: wanaamini kila ukinakili, kuna kitu kinadondoka njiani. Kwa hiyo Reino aliitunza kanda ile moja kwenye kopo la biskuti, akaipiga mara moja kwa wiki, Jumapili, akitoka kanisani. Tangu ahame hakuwa na spika za kuipigia. Jumapili nne zilikuwa zimepita. Alikuwa na njaa ya sauti ya mkewe, na hilo alilificha hata kwa binti yake, kwa sababu alikuwa mtu asiyejua kusema vitu vya moyoni. Aliishi na Ardis miaka arobaini na minne, na nadhani maneno matamu aliyomwambia yangetosha kwenye vidole vya mkono mmoja.

Duka la Tofte liko chini ya ngazi, halina hata dirisha la kujionyesha. Nyuma kuna chumba cha kusikilizia, zulia ukutani, kiti kimoja. Tofte ana sheria moja aliyoikuta kwa baba yake: chumbani isikae jozi zaidi ya moja. Unayoijaribu, basi. Nyingine zote zinatolewa koridoni. Sababu si ya kichawi. Spika isiyounganishwa na kitu, koni yake, ile ngozi ya mbele inayocheza, hutetemeka ikisikia spika nyingine inaimba, ikaharibu utamu. Kama haiwezekani kuitoa, unaifunga: unachukua kipande cha waya, unakikaza nyuma yake kati ya kishikio chekundu na cheusi, na koni inakazana haichezi tena. "Spika isiyo na kazi ni sikio," Tofte hupenda kusema. Alikuwa anasema kwa utani.

"Karibu, mzee wa masikio," alimwambia Reino asubuhi ile, akitembea amepinda upande mmoja. "Umekuja kunitesa tena."

"Umefanya nini?"

"Mgongo. Umenikataa tangu Alhamisi."

Waliingia chumbani. Kwenye stendi mbili zilikuwepo spika mpya, nyeupe, ndogo. Na kule nyuma, pembeni upande wa kushoto, sakafuni, zilikuwepo nyingine mbili za zamani, za mbao nyeusi, vitambaa vyake vya mbele vimefifia rangi.

Reino alizitazama. "Na zile?"

"Za marehemu Gunder Hovland, wa mtaa wa juu. Mpwa wake kazileta niziuze. Ndogo hivyo, lakini nzito kama mawe ya kusagia. Siziwezi leo."

"Umezifunga waya?"

"Bwana, ni dakika nne. Na ziko mbali."

Reino alijua si sawa. Kama kuna mtu wa kukataa, ni yeye, aliyewahi kumtoa Tofte chumbani kwa kosa la kuvaa saa inayolia tik-tak. Lakini kopo la biskuti lilikuwa mikononi mwake, na Jumapili nne zilikuwa kifuani mwake. Akaketi.

Tofte alivalisha kanda kwenye mashine, akapunguza taa, akasimama mlangoni. Kanda ikaanza. Kwanza jiko: unga unapigwa juu ya meza, bomba linadondoka. Kisha Ardis. Reino alifumba macho. Ubeti wa kwanza ukapita, mkewe akiwa hatua tano mbele yake. Ila kulikuwa na kitu hakikumkaa sawa. Nyuma ya bega lake la kushoto alihisi ubaridi, na ndani ya ubaridi ule, kama mtu anarudia kila neno nusu pumzi baada ya Ardis, kwa sauti ndogo, anajifunza.

Alinyanyua mkono. Tofte akasimamisha.

"Zina mafua," Reino alisema. "Ardis hakuwa na pua hiyo."

Tofte alicheka. "Nilijua. Zile za kijivu basi, za koridoni. Zibebe mwenyewe, mimi mgonjwa."

Reino alibadilisha jozi, akazitoa nyeupe, akazileta za kijivu. Tofte alirudisha kanda mwanzo. Unga ukapigwa juu ya meza. Bomba likadondoka. Reino akangoja.

Unga ukaendelea kupigwa.

"Umerudisha mwanzo kweli?" aliuliza.

"Mwanzo kabisa."

Jiko lilikuwa palepale, safi kuliko alivyowahi kulisikia. Meza inagongwa. Kiatu kinasugua sakafu. Na mahali pa wimbo, hamna kitu. Lilikuwa jiko lenye mtu anayekanda unga amefumba mdomo. Ubeti wa kwanza mzima ulipita hivyo.

Kisha Ardis akaanza ubeti wa pili. Hakuuanzia mbele. Aliuanzia pembeni, nyuma, kushoto.

Tofte alizima mashine ya kanda, kisha amplifaya. Taa yake nyekundu ikafa. Spika za kijivu zikanyamaza, magurudumu ya kanda yakasimama.

Pembeni, Ardis akaendelea kuimba.

Wanaume wawili wazima hawakusogea. Tofte aliniambia kwamba nywele za mikono zilimsimama, na kwamba kitu cha kijinga alichokifanya ni kutazama kama kuna waya unaokwenda kule. Hapakuwa na waya. Spika za Hovland zilikuwa zimekaa sakafuni peke yake, na nyuma ya kile kitambaa kilichofifia, koni ilikuwa inakwenda mbele na nyuma polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Wimbo ukaisha. Kicheko kikaja.

"Reino, zima hicho kidude, kahawa inapoa."

Hapo kanda huisha. Reino alijua hivyo kuliko alivyojua jina lake. Alihesabu pumzi tatu.

"Reino?" Ardis alisema. "Mbona umehama?"

Reino alishuka sakafuni, akatambaa mpaka pembeni, akaweka sikio kwenye kitambaa. Kilikuwa na uvuguvugu. Na humo ndani Ardis hakuwa peke yake. Alisikia pumzi. Pumzi nyingi, za watu wengi waliobanana mahali padogo na kuambiwa wanyamaze. Mtu mmoja, mwanamume, alinong'ona karibu kabisa, kama anamwelekeza mwenzake.

"Mwite tena. Ataitika."

"Reino?"

Reino alifungua mdomo.

Tofte alimwahi. Sijui aliutoa wapi ule mgongo. Alimvuta kwa ukosi, akaipindua spika ya kwanza, akakaza kipande cha waya kati ya kishikio chekundu na cheusi, kisha ya pili. Koni zikasimama. Chumba kikawa kimya mpaka wakasikia bomba la joto ukutani.

Walirudisha kanda mwanzo, wakaipiga mara tatu. Unga, bomba, kiatu. Ardis hakuwemo tena, si kwenye ubeti wa kwanza, si wa pili, wala pale pa kahawa. Dakika nne za jiko.

Tofte alimpigia simu mpwa wa Hovland, Reino akiwa amekaa kwenye kile kiti, kopo tupu mapajani. Mpwa huyo, mwanamke, alishangaa kuulizwa. Alisema ndiyo, mjomba alizipenda sana. Alikuwa anakaa mbele yake anaongea nazo, tangu alipofiwa na mkewe. Miezi minne ya mwisho hakuwa na sauti hata ya kukohoa. Madaktari walimchungulia koo wakasema ni zima. Alikuwa anaandika tu kwenye vikaratasi.

"Anaandika nini?" Tofte aliuliza.

"Neno moja kila siku. Tulidhani ni simu zinamsumbua. Anaandika: wakikuita usiitike."

Tofte alikata simu akamweleza Reino yote, bila kupunguza. Akakaa mbele yake kwenye zulia. "Kosa ni langu, kaka. Baba angenitandika. Hizi nazipeleka jalala la mji leo hii, nazivunja kwa shoka kwanza."

"Mke wangu yumo," Reino alisema.

"Hicho si mke wako."

"Umemsikia."

"Nimemsikia. Na yule mwingine je, umemsikia?"

Reino alisimama, akainama, akainua ya kwanza kwa mikono miwili. Mzee wa miaka sabini na nane. Mishipa ya shingo ilimtoka. Tofte alimzuia mlangoni, akashindwa kumtazama usoni.

"Basi niahidi hutatoa zile waya."

Reino hakuahidi. Alikuwa mtu asiyesema uongo.

Saa tisa alasiri spika zilikuwa kwenye rafu sebuleni kwake, kila moja na waya wake nyuma. Mimi nilipishana naye akiiingiza ya pili, nikamwambia, "Mzee Reino, tusaidiane," akatikisa kichwa. Mlango ukafungwa. Alivuta kiti, akaketi katikati, umbali uleule anaopenda. Ukungu ulikuwa umeng'oka, ziwa linang'aa jeupe dirishani. Alijua kabisa anachotaka kufanya na alijua kitamgharimu nini, kwa hiyo tusimwite mjinga. Aliogopa. Halafu akanyanyuka, akatoa waya wa kwanza, akatoa wa pili, akaziangusha sakafuni.

"Reino?" Ardis alisema.

"Nipo," akaitika.

Neno lilitoka likateleza kooni kama donge la barafu, na halikurudi. Alilisikia likitua kule rafuni, ndani, karibu na Ardis. Akasema lingine. Akasema lingine tena. Akamwambia kwamba siku ile hospitalini alitaka kumshika mkono lakini kulikuwa na watu. Akamwambia kwamba mkate wake alikuwa anausifu moyoni kila asubuhi. Akamwambia anampenda, jambo rahisi hivyo, akashangaa jinsi lilivyo jepesi mdomoni. Ardis alikuwa anaitikia mm, mm, kama alivyokuwa akifanya akiwa anaosha vyombo. Kila neno liliondoka na sauti kidogo, mpaka akawa ananong'ona, mpaka akawa anachezesha midomo tu, na yaliyobaki yote yakawa yanasemwa kule, na sauti yake mwenyewe, karibu na ya mkewe.

Alikuwa na furaha. Nitasema kweli ilivyo. Mzee yule, sauti imemwisha, alikaa pale machozi yanamtoka, anawasikiliza wao wawili wakiongea, na alikuwa na furaha.

Haikudumu. Ilimchukua muda kugundua, kwa sababu nani huisikiliza sauti yake kwa makini? Maneno yaliyokuwa yakitoka kule kwa sauti yake hakuwa akiyawaza tena. Sauti ilikuwa inaendelea peke yake. Ilikuwa inacheka, na Reino hakuwahi kuwa na kicheko kile.

"Na Marlys?" sauti yake ikauliza.

"Yuko," Ardis akasema. "Huja Jumapili."

Kisha yule mwanamume aliyenong'ona kule dukani, kwa sauti ileile ya chini: "Mtamwita."

Reino alirukia rafu. Akapapasa nyuma ya spika, kisha akakumbuka waya ameziangusha. Akapiga magoti. Mmoja ulikuwa chini ya kiti, akaupata. Wa pili haukuwepo. Alizungusha zulia, akavuta kochi, akatafuta mpaka nje kukawa kweusi na mwili ukamwishia nguvu. Spika zilikuwa zimenyamaza zenyewe. Alikaa sakafuni akizitazama, na kwa uchovu wa mzigo na wa siku nzima, akalala palepale, waya mmoja ngumini.

Aliamshwa na kitasa.

Mchana. Jumapili. Jua mpaka katikati ya chumba. Marlys ana ufunguo wake na hagongi mara mbili. Huja moja kwa moja kutoka kanisani, bakuli la tambi na nyama limefungwa taulo, na maneno yake huanza tangu koridoni.

Reino alifungua mdomo kumwambia arudi. Hewa ikatoka.

Mlango ukafunguka nusu. Bakuli likatangulia.

"Marlys," spika ikasema, kwa sauti ya Reino. "Njoo, mwanangu."

Marlys alisimama palepale. Alikuwa na miaka arobaini na tisa, mwalimu, mwanamke wa kugombeza watu barabarani, na katika miaka yote hiyo baba yake hakuwahi kumwita mwanangu. Alikuwa akimwita Marlys, au wewe. Uso wake ukabadilika ukawa wa mtoto. Hakutazama chini alikokuwa Reino. Alitazama kule ilikotoka ile sauti.

Reino alinyanyuka. Akajikwaa. Akapiga ukuta kwa ngumi.

"Baba?" Marlys akaitika.

Alimfikia neno likiwa limeshatoka. Alimziba mdomo kwa kiganja, bakuli likaanguka likavunjika, tambi zikatapakaa kwenye viatu vyao. Marlys alishtuka, akamwona, akatazama rafu, akamtazama tena. Baba huyu hapa, mdomo umefungwa. Baba yule kule, anaongea.

"Mama yako yuko hapa," sauti ikasema. "Hebu msalimie."

"Marlys?" Ardis akasema.

Hapo ndipo Reino alipohisi midomo ya binti yake ikifunguka chini ya kiganja. Miaka sita. Hakuna mtoto asiyeitika. Hakuwa na sauti ya kumwambia usiitike, na hakuweza kumziba na kwenda kufunga kwa wakati mmoja. Akamgeuzia uso wake. Akamtazama machoni, karibu, akatikisa kichwa. Polepole. Mara moja, mara mbili. Maisha yake yote alikuwa amemnyima yule binti maneno, na sasa alikuwa anamwomba amwamini bila neno hata moja. Kisha akaondoa mkono.

Marlys aliuma midomo mpaka damu ikatoka. Hakuitika.

Reino alikwenda kwenye rafu. Waya aliokuwa nao aliukaza kwenye spika ya kulia. Sauti yake mwenyewe ikakatika katikati ya kicheko. Kwa ile ya kushoto hakuwa na waya, akafungua droo ya jikoni, akachukua kijiko, akakipenyeza nyuma na kukikandamiza kati ya vishikio viwili. Akaisikia koni inasita.

"Reino," Ardis alisema, taratibu, na haikuwa sauti ya kumtega mtu, ndivyo alivyoniapia kwa maandishi, ilikuwa ya mkewe wa jikoni. "Reino, humu ndani usini—"

Akabonyeza.

Alikaa amekandamiza kijiko kile mpaka Marlys alipokuja akamshika vidole kimoja kimoja. "Nini kile?" alimwuliza. "Nini kile, niambie. Nani alikuwa anaongea?" Na Reino, kusikia sauti ya binti yake inatoka nzima, kinywani mwake, hapahapa sebuleni, alimwegemea begani akalia. Marlys anasema hajawahi kusikia mtu analia kimya namna ile. Baadaye Reino alimwandikia yote nyuma ya bahasha.

Jioni Marlys alikuja kwangu kuazima kipande cha waya. Alikuwa anaongea, anafoka, anauliza kwa nini nyumba za wazee hazina hata kisanduku cha vifaa. Nikaona hajambo.

Jumatatu alimpeleka Reino hospitali. Mhudumu wa mapokezi akamwuliza Marlys mgonjwa ni nani wake. Marlys akasema, "Ni—" akasimama. Akajaribu tena. Mdomo ulifunguka, midomo ikakutana, pumzi ikatoka, na hapakuwa na kitu. Mhudumu alidhani analia. Akasema jina la Reino, likatoka. Akasema mzazi wangu, likatoka. Neno lenyewe, lile aliloitika nalo mlangoni, halikutoka, na halijatoka mpaka leo, si kwa Kiingereza, si kwa Kifini cha bibi yake aliyemzaa Reino. Analiandika vizuri. Kulisema hawezi.

Spika ziko palepale rafuni, zimefungwa waya. Tofte alikuja na shoka lake, Marlys akamzuia mlangoni, na sikushangaa. Mle ndani hayumo Ardis peke yake: imo na sauti ya Reino.

Wiki iliyopita walikuwa wanatoka, Reino mbele, Marlys anafunga mlango. Mzee akaangusha glavu moja koridoni bila kujua, akawa anakwenda. Mimi nilikuwa nasubiri lifti. Nilimwona Marlys anafungua mdomo kumwita, kama binti yeyote angefanya. Kifua kikajaa, shingo ikakaza. Nikangoja nisikie. Kisha akafumba mdomo, akapiga makofi mawili, na Reino akageuka.